Mashua Yako Haitanywesha Mbuzi

Baba,

Mashua yako imerudi majini. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tumekula.

Lakini nusura tuipoteze. Tangu tukuzike ilikuwa imelala uani, imefunikwa magunia, na Baba Mdogo Kilonzo kila akija kutoka Migwani anaizunguka akiipima kwa macho. Alitaka iwe birika la kunyweshea mbuzi. Eti Mkamba na mashua, Mkamba na samaki, wapi na wapi!

Mama akachoka na maneno. "Wewe Mwende, Jumamosi enda na hiyo boti. Ukirudi na samaki, ikae. Ukirudi mikono mitupu, tunapatia mbuzi." Na huyu ndiye Mama yule yule aliyekukaangia samaki nje ya jikoni miaka yote, kwa sufuria ya peke yake, bila kuonja hata mara moja.

Vijana wa jirani walinisaidia kuibeba hadi bwawani Kiambere. Nikavaa jaketi lako la kuelea, kubwa kama gunia, nikaning'iniza shingoni ile GPS yako ndogo ya kuonyesha njia. Nilikuwa naitafuta alama uliyoihifadhi humo kwa jina Mezani, pale juu ya mawe yaliyozama, ambapo tilapia hawakosi. Nikapiga makasia hadi nikaipita, upande upepo unakotoka, kisha nikaiacha mashua ielee yenyewe irudi polepole juu yake, ndoana zikiwa chini. Vile vile ulivyonifundisha.

Sasa mshale. Baba, ule mshale wa kwenye kioo cha GPS ulinichezea! Mara unaelekeza Embu, mara nyumbani, nami mbio kila unakogeukia. Nilizunguka hadi njia yangu ikajikunja pale kiooni kama matumbo ya mbuzi. Chambo kinaisha, jua linapanda, na nilishaanza kumwona beberu wa Baba Mdogo akinywa maji mahali nilipokaa. Nikalia. Nikakugombeza pia, kwamba umeniacha mapema na kazi nusu.

Ndipo nikakumbuka maneno yako, yale uliyoyarudia hadi yakaniudhi: "Tukienda pole, hii kitu haijui tumeangalia wapi. Wachana na mshale. Angalia mkia."

Mkia! Zile nukta GPS inazoacha kiooni nyuma yetu. Mshale hujua upande kwa mwendo tu, na mashua inayoelea taratibu haina mwendo wa kuutuliza, lakini nukta zinaonyesha ulikopita. Nikarudi upande wa upepo, nikaiacha ielee, nikatazama nukta zikijipanga. Nilikuwa napita kushoto kwa Mezani. Nikarudi tena, nikasogea kulia kidogo, nikangoja. Safari hii mkia ulipita juu kabisa ya alama, na mshipi ukavutwa hadi ukanikata kidole. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Akaja mwingine, na mwingine, hadi ndoo ikajaa. Furaha niliyokuwa nayo, Baba, hata sijui kuiandika.

Nyumbani, Baba Mdogo alilalamika kwamba samaki ana miiba mingi, huku akijipakulia tena. Mama alikaanga ndani ya jikoni. Ndani! Kisha akamega kipande kidogo, akatafuna akiangalia ukuta. Nilidhani atatema. Akasema tu, "Kumbe." Akamgeukia shemeji yake: "Kilonzo, mbuzi zitakunywa na karai."

Sote tukacheka, hata yeye Baba Mdogo.

Jioni, tukiosha vyombo, Mama aliniuliza kama lile jaketi linaweza kumtosha mtu mnene. Nikamwuliza mtu gani. Akasugua sufuria kwanza. "Baba yako alikuwa akitoka huko bwawani akicheka," akasema. "Nataka kuona alikuwa anachekea nini."

Basi pumzika, Baba. Nakuahidi nitamketisha mbele, nitampitisha polepole juu ya Mezani, na nitamrudisha nyumbani akiwa mkavu.

Binti yako,
Mwende