Jina Kwenye Bukta ya Kabati

Chumba cha mbele, kando ya cherehani,
Nyumbani kwa mdogo wako.
Jumanne, asubuhi.

Mpendwa wifi yangu,

Kabla ya yote, hujambo? Mgongo je, bado unakusumbua ukisimama kazini kutwa? Na shemeji, kifua kimepona, au bado anakohoa huku akijifanya haumwi? Huku sote tu wazima wa mwili. Mama mkwe anatembea na fimbo yake na kugombana na redio kama kawaida. Mtoto wetu Kibogoyo ameota jino moja la mbele, kwa hiyo jina lake liko hatarini. Mimi mwenyewe sijambo, ila roho iko juu, na ndiyo sababu unaona mwandiko umekaa hivi. Nimeshainuka kwenye kiti hiki mara sijui ngapi.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Nyumba yetu unaijua, nikipiga chafya chumbani mama mkwe ananiombea afya akiwa sebuleni. Na mdogo wako, pamoja na ngumi zote alizokula, masikio yake ni mazima. Jirani yetu muuguzi anasafiri kesho kuja huko kwa masomo, nikaona nimpe karatasi hii akufikishie mkononi.

Wifi, wewe uliondoka ndugu yako akiwa kijana wa kushinda. Alipoingia ngumi za kulipwa, uzito wa juu, alikutana na wanaume wakubwa kuliko yeye, na taratibu akajikuta ana kazi ambayo haina jina zuri. Promota akiwa na kijana wake anayempandisha, anatafuta mtu mzito, mwenye adabu, asiyeanguka ovyo, ili kijana ajifunzie kwake. Huyo ndiye mdogo wako, na ndiyo maana ukumbini wanamwita Kabati. Usije ukadhani analipwa ili ashindwe, hapana. Analipwa apigane, kushindwa kunakuja kwenyewe. Anapandisha mikono usoni, anajifunga, anapigwa raundi zote, mwisho refa anainua mkono wa mwenzake. Lakini hajawahi kuhesabiwa akiwa chini, na hilo ndilo analojivunia.

Nami nilishazoea. Kuishi na bondia wa kushindwa ni raha, watu hawajui tu. Hana majivuno, hana wasichana wanaomfuata, hana maadui. Akirudi nampashia maji, namuuliza, "Umeumia wapi?" Ananionyesha, namkanda. Kesho yake anampeleka mtoto shule kama baba mwingine yeyote. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na mimi nusu yangu nilikuwa nimeipanga vizuri kabisa.

Sasa sikia yaliyotokea mwezi uliopita. Aliitwa kumfunza kijana mmoja wanayemwita Nyota, mrembo wa sura, ukumbi wote wake. Akiwa chumba cha kuvalia, mpira wa bukta ukakatika. Ni ile bukta nyeusi ya siku zote, haina maandishi, maana mtu wa kupigwa haandikwi jina kiunoni. Akanipigia simu, nikakimbia na sindano. Nilipomaliza, kocha wake, yule mzee tunayemwita Babu Taulo kwa sababu taulo haliondoki begani kwake hata msibani, akaniambia nisiondoke, nikae karibu na kona yao. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akipigana. Kazi yangu mimi ilikuwa kusubiri nyumbani na maji.

Raundi ya tatu, Nyota akashusha mkono awapungie mashabiki wake. Mdogo wako hakupanga lolote, ananiapia hadi leo, mkono uliona nafasi ukaenda wenyewe. Kijana akaanguka chali. Na unajua Kabati alifanya nini? Aliinama amwinue! Refa akamsukuma aende kona, naye akawa anarudi kinyumenyume huku anamwomba radhi mtu asiyemsikia. Ukumbi ukanyamaza. Ikabaki sauti moja tu, na sauti hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimepanda juu ya kiti, kitambaa cha kichwa kimeanguka sijui wapi, napiga kelele, "Huyo mume wangu! Huyo mume wangu!" Sikujua kama nina sauti ya namna ile. Akageuka, akaniona.

Tangu hapo mambo yamekuwa mambo. Kichwa kimemvimba, na safari hii si kwa kupigwa. Alfajiri anakimbia. Akirudi anapigana na hewa kwenye ujia, vyombo vyangu vinatikisika jikoni, na mama yenu anapiga makofi kutoka kitandani. Hata Kibogoyo amejifunza kuhesabu hadi kumi kwa kumlaza mwanasesere sakafuni.

Wakati huohuo simu za kazi zimekatika. Mtu aliyeitwa kupigwa akishapiga, ni promota gani atampa tena kijana wake? Wote wanamwogopa, na woga wao hauliki. Amepiga simu mmoja tu, na huyo anataka akapigane na Tingatinga.

Jina hilo nadhani limefika hata huko kwenu. Bondia wa mwisho aliyekutana na Tingatinga yuko katika wodi ya huyu jirani yetu. Macho yako wazi, lakini mkewe ndiye anayemlisha kwa kijiko na kumkumbusha majina ya watoto wake. Muuguzi alinisimulia tukianika nguo. Nilianika shuka moja mara tatu siku ile. Nikaenda kwa Babu Taulo anipe moyo, naye akanipa ukweli. Kwa Tingatinga, kujifunga hakusaidii, atavunja mikono kwanza ndipo ahamie kichwani. Anayetaka kumshinda sharti ajifungue. Na kabati likishafunguliwa, wifi, vyombo vyote viko nje.

Kazi nyingine ipo. Ghala la samani lililo mtaa wa pili linataka mpakiaji, na msimamizi amesema atamshikia nafasi hadi mwisho wa wiki. Promota naye anataka jibu mwisho wa wiki. Nilimtania mume wangu kwamba Kabati ataenda kubeba makabati, nikidhani tutacheka wote. Hakucheka. Alichukua viatu vyake vya kukimbilia akatoka, na chai aliiacha mezani.

Nimemkataza, wifi. Nimemkataza kwa upole, nimemkataza kwa ukali, nimenuna siku mbili nikachoka mwenyewe. Ananitazama tu, anatabasamu, halafu anasema, "Mama Kibogoyo, si nilikuona?" Juzi nikamwambia ule ulikuwa wazimu wa dakika moja, asiujengee nyumba. Akanijibu taratibu, unavyomjua, "Miaka yote nikirudi unaniuliza nimeumia wapi. Siku ile hukuniuliza."

Ni kweli. Siku ile nilimwambia anisimulie tena, na tena, mpaka maji yakapoa kwenye ndoo. Nilifurahi, wifi. Nilifurahi kuliko siku niliyoolewa, na sitasema uongo kwenye karatasi. Kumbe muda wote ule alipokuwa akisema kushindwa ni kazi kama kazi nyingine, na mimi nikaitikia, kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake. Lakini furaha ile haiwezi kunilishia mume kwa kijiko.

Ndiyo maana nimekugeukia wewe. Neno langu mimi halina nguvu tena, kelele zangu mwenyewe zimelimaliza. Mama mkwe hafai, ameshawatangazia majirani wote, na muuza mkaa anamsalimia "Mama Bingwa". Babu Taulo anasema yeye ni kocha, si mzazi. Wewe ndiye uliyemlea na kumfunga kamba za viatu. Ulipomkataza sigara kwa simu, aliizima kabla hujakata simu, nilikuwepo nikaona. Mpigie, mwambie hapana. Usimtaje mtu aliyekueleza. Mwambie umeota ndoto, ndoto zako anaziogopa toka utotoni. Mwambie unamtaka akiwa na majina ya watu wote kichwani, hata kama mkono wake hauinuliwi tena na refa yeyote.

Kuna jambo jingine, dogo, lakini ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Ameleta kitambaa cha bukta mpya, cheupe, cha kung'aa, na anataka kiunoni nitarizi jina, KABATI, kwa uzi wa kijani. Bukta nimeishona. Jina nikalianza, nikaandika KA, mkono ukagoma. Nikamwambia uzi umeisha. Uzi upo, nimeuficha kwenye kopo la vifungo. Mtu mzima mimi, fundi wa kutegemewa mtaa mzima, naficha uzi. Lakini nilijiambia kwamba bukta ikikaa bila jina hadi mwisho wa wiki, labda na yeye atakaa.

Basi nisikuchoshe. Msalimie sana shemeji, mwambie dawa ya kifua hainywewi kwa macho. Wasalimie watoto wote, na yule wa mwisho mwambie binamu yake bado anamtunzia lile gari bovu lisilo na magurudumu. Mama anakusalimu, anasema usisahau kula kabla ya kwenda kazini na usisahau kupiga simu, kwa mpangilio huo. Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na akuongoze kwenye neno la kusema.

Hapo kwenye dua ndipo nilipokuwa nimefika, wifi, mlango ukafunguka. Ameingia. Kumbe ile bukta niliyodhani iko kwenye kapu alitoka nayo asubuhi, ameikunja kwenye gazeti. Jitu zima lile limezunguka maduka yote ya vitambaa, kidole juu ya ile KA, likiwauliza wauzaji mpaka likapata kijani kilekile. Ameuweka uzi juu ya cherehani, akaniuliza kama rangi imekubali, kisha akatoka kukimbia. Barua hata hakuiangalia. Nimeupeleka uzi dirishani nikaulinganisha. Imekubali.

Sasa sina kisingizio. Mguu uko kwenye pedali na hautulii. Neno lako lifike upesi, maana nikiendelea kukaa hapa bila neno lako, nitashona. Na nikishalimaliza jina hilo, siku ya pambano sitabaki nyumbani na maji. Nitakwenda, na mimi najijua sasa, nitapanda juu ya kiti.

Ni mimi akupendaye, roho mkononi,
Mke wa mdogo wako.