Mama, Nimezifukia Ngoro Zako

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika humu kwenye jukwaa la wakulima, palepale nilipokosea, ili walionishauri nao wasome. Wewe hutasoma, najua. Lakini mwenye shamba ni wewe, na wa kumwambia ni wewe.

Unaikumbuka simu niliyokuja nayo kutoka ziwani, Skola akiwa mchanga? Baba yake aliinunua Mbamba Bay ili amwone mtoto sura, yeye akiwa huko kwenye dagaa. Ulikuwa unaichungulia begani kwangu.

"Watu wote hao wamo humo, halafu nani analima?"

Nikakwambia, hao ndio wakulima wenyewe, mama, wanafundishana.

"Mkulima anaandika saa ngapi?"

Tulicheka mpaka Skola akaamka.

Halafu ule mwezi wa tatu, wa mwisho wako. Ulikuwa umefyeka nyasi huko juu, unazilaza kwa miraba kabla ya kuzifunika kwa udongo. Kulaza nyasi za ngoro, haya mashimo yetu ya kuzuia maji yasibebe udongo, ni kazi ya wanaume, lakini kwetu mwanaume hakuwepo, ukajifunza mwenyewe. Ukaniita. "Njoo uone hapa mlima unapogeuka. Hapa nyasi hazilazwi kama kule chini." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mibuni, namnyonyesha mtoto, nasoma watu wanabishana habari ya mbolea. Nikajibu, "Nakuja, mama." Ukaita tena. Nikajibu tena. Mara ya tatu hukuita.

Nilipopanda huko juu ulikuwa umeshamaliza. Niliona tuta na shimo katikati, kama ngoro nyingine yoyote. Kilichokuwa chini sikukiona. Nikasema utanionyesha mwakani. Ukafuta jembe kwa nyasi. Maharage ya kwenye ngoro zile tuliyavuna tukiwa tumeshakuzika.

Sitawasingizia watu wa humu, mama. Baada ya matanga, nyumba iliponyamaza, yupo mama mmoja wa mkoa wa mbali, sura yake siijui, alikuwa ananiandikia kila asubuhi: "Umekula, mwanangu?" Basi hayo tu. Lakini kwa neno hilo nilikuwa nainuka nawasha moto, na Skola anapata uji. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama muda wangu wa humu umepotea, siwezi kusema umepotea wote.

Ila shamba limepotea.

Mwezi wa kumi nilisimama juu kabisa, nikalipiga picha, nikauliza humu nifanye nini mahindi yazidi. Majibu yalikuja siku hiyohiyo. "Dada, hayo mashimo unafugia vyura?" Mwingine, "Nusu ya ardhi yako imelala bure." Mwingine, yule anayeandika kwa vifungu kama kitabu, "Kitaalamu, sawazisha, panda kwa mstari." Na mimi niliyeishia darasa la saba nikaona aibu. Nikaona watu wanacheka ujinga wa kwetu.

Ukipiga picha kutoka juu, mama, mlima unalala. Shamba lako lilionekana kama uwanja wa mpira. Hakuna aliyeuliza kama lina mteremko. Na mimi sikusema, maana huku kwetu Matiri nani husema shamba lake lina mteremko? Ni sawa na kusema mtu ana miguu.

Mama Kolumba, jirani yetu, alipita akanikuta na jembe.

"We mtoto, unafukia? Nani kakutuma?"

"Wataalamu, mama."

"Wameshafika hapa?"

"Wako kwenye simu."

"Haya. Mvua nayo iko kwenye simu?"

Akaenda zake. Nilinuna siku nzima, nikafukia kwa hasira mpaka ngoro ya mwisho. Nilimpigia baba Skola akasema, "Mimi mtu wa ziwani, mlima wenu nitaujulia wapi? Fanya unavyoona." Nikapanda kwa mstari, kwa kamba. Ilipendeza kweli. Nikaweka picha, wakanipongeza.

Mvua ya mwezi wa kumi na mbili ilinyesha mchana mmoja. Sikuona udongo ukiondoka. Niliona maji ya mtoni mekundu, mazito kama uji wa ulezi, nikajua yamebeba nini. Nilipofika shambani, mahindi hayakuwepo, na chini ya mguu palikuwa na changarawe.

Nilirudi humu nikawaeleza. Wawili walisema pole. Mmoja aliweka vicheko. Kisha wakahamia kwenye magonjwa ya kuku.

Nimeanza ngoro upya, mama. Nane. Sita zimebomoka palepale mlima unapogeuka. Mama Kolumba alikuja akashika nyasi, akaziweka hivi, akaziweka vile, akasimama. "Mwanangu, mimi najua mlima wangu. Huu alikuwa anaujua mama yako." Na hata ngoro zikishika, udongo uliokaa humo tangu bibi yuko hai, nani ataupandisha kutoka mtoni? Wanasema ziwa linaupokea. Mwaka huu Skola hatakula cha shamba lako, na mwakani sioni.

Leo asubuhi kuna binti ameweka picha humu. Nimeiangalia sana. Kwa juu juu ni tambarare, lakini nimeuona moshi wa nyumba yao, uko bondeni, chini ya mahindi. Anauliza afanyeje. Wameshaanza kumjibu, wengi, na yule wa vifungu yumo.

Nikamwandikia: "Mdogo wangu, mama yako bado yupo? Kama yupo, weka simu chini, umfuate shambani sasa hivi."

Hajajibu. Naona alama kwamba bado yumo anasoma.

Ulale, mama, nami nisamehe.

Binti yako uliyemwita mara mbili,
Mama Skola