Lita Mbili Kila Siku

Nausori, 5 Machi 2018

Kwa Mama Bhagwanti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na masikio hayakusumbui sana. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha wiki nzima, mto umejaa, ila haujafika barabarani.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Nimeolewa na mwanao miaka mitatu na hatujaandikiana hata salamu. Avinesh hajui kama nakuandikia. Ningepiga simu, lakini aliniambia kelele za gereji zimekuharibia masikio na simu huishiki tena.

Shida yangu ni gari. Mwaka jana tulinunua gari dogo lililotumika Japani. Aliyetuuzia alisema kwa lita moja litakwenda kilomita kumi na sita, na mwaka jana kweli lilikwenda. Tangu Januari halifikishi hata nane. Asubuhi Avinesh ananishusha shuleni ninakofundisha, anaendelea mpaka ofisini kwake mjini, Walu Bay, jioni ananipitia. Hatuendi kwingine. Nikimwuliza anasema, "Gari la mtumba, Mere. Ulitaka linywe umande?" Fundi wa hapa njia panda alilizunguka mara moja, akasema injini imechoka, ibadilishwe yote.

Gari likitajwa mezani Avinesh anaacha kula. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka chakula kinapoa. Sasa tunakula kama abiria wasiojuana.

Aliwahi kuniambia kwamba watu walidhani marehemu baba ndiye fundi, kumbe wa injini ulikuwa wewe. Kama hutaki kunijibu, nitaelewa.

Mkaza mwanao,
Mereoni


Labasa, 14 Machi 2018

Mereoni,

Marahaba. Mimi mzima. Miguu inavimba jioni, ndiyo umri. Kiwanda cha sukari hakijaanza kusaga, kwa hiyo barabara zimetulia.

Fundi asiyefungua boneti usimpe gari lako tena.

Usibadilishe kitu kabla hujapima. Jaza tangi mpaka pampu ikatike yenyewe, andika kilomita. Tembea wiki moja, rudi kwenye pampu ileile, jaza tena, ugawanye kilomita kwa lita. Asubuhi kabla gari halijatoka, pima upepo wa matairi yote manne. Ubavuni mwa mlango wa dereva kuna kibandiko chenye kipimo chake. Toa chujio la hewa uliangalie juani. Usipoona mwanga ukipenya, limeziba.

Ukitoka safari, gusa kila rimu kwa mgongo wa kidole, taratibu. Mojawapo ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake haiachii, na injini inaburuta gari kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda. Halafu tazama dashibodi. Magari hayo yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Inapaswa kuzimika baada ya dakika chache. Ikikawia, thamostati imekwama wazi: maji ya kupoza yanazunguka tangu mwanzo, injini haipati joto, nayo inamwagiwa mafuta kama vile kila saa ni alfajiri.

Mambo ya harusi yenu, kwamba sikufika, tuyaache yalipo. Umeuliza habari za gari, nakujibu habari za gari.

Mama Avinesh


Nausori, 2 Aprili 2018

Mama,

Shikamoo. Asante kwa barua. Nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimechuchumaa kando ya gurudumu na nguo zangu za kazini. Watoto wa darasa la tatu walisimama dirishani kunitazama.

Matairi yalikuwa na upepo ishirini na mbili, kibandiko kinataka thelathini na tatu. Chujio lilikuwa jeusi. Rimu ya mbele kushoto imeniunguza kidole, maana sikufanya taratibu ulivyosema. Taa ya bluu haikuzimika mpaka tumepita Nakasi.

Jumamosi nimelipeleka kwa fundi mwingine, huko huko Nakasi. Nilimwambia safisha pini za breki ya mbele kushoto na ubadilishe thamostati. Akaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikasema mavyaa wangu. Akasema, "Una bahati. Wangu ananifundisha kunyamaza tu."

Sasa tumefika kilomita tisa na nusu kwa lita. Kuna nafuu, lakini kumi na sita bado ni mbali. Avinesh alipoona nimeshughulikia gari bila kumwambia hakufurahi. Alisema, "Achana na hilo gari, Mere," basi, akaenda kuoga.

Mereoni


Labasa, 11 Aprili 2018

Mereoni,

Mimi mzima, nashukuru. Kidole upake asali.

Umepata makosa manne na bado kuna kitu kinakula. Tutakitafuta kwa daftari. Wiki mbili, andika kilomita za gari kila asubuhi na kila jioni. Tandika kartoni chini ya gari linapolala; kama kuna tone utaliona. Nusa kwenye kifuniko cha tangi.

Kisha jambo moja zaidi. Jumamosi moja jaza tangi, uliendeshe wewe mwenyewe, peke yako, mbali kidogo, urudi ujaze tena. Nataka namba hiyo peke yake.

Na chochote utakachokiona ndani ya gari niandikie, hata kama unaona hakina maana. Marehemu aliwahi kuhangaika siku tatu na lori lililokosa nguvu. Kilichoziba ekzosi kilikuwa kiota cha panya, na mwenye lori alikuwa akiwaona wakiingia.

Mama Avinesh


Nausori, 30 Aprili 2018

Mama,

Shikamoo. Natumaini miguu imepoa. Nimeambiwa majani ya mpera yaliyochemshwa yanasaidia. Mama yangu anayatumia.

Siku kumi za kazi, kila siku kilomita arobaini na nne. Hazikuzidi wala kupungua, ila Alhamisi moja zilikuwa arobaini na tano. Jumla mia nne arobaini na moja, na mafuta yaliyoingia ni lita arobaini na sita. Kartoni ni kavu. Kifuniko hakinuki.

Jumamosi nilikwenda Korovou na kurudi, peke yangu. Kilomita sitini na mbili, lita nne. Nilipiga hesabu mara mbili pale pale kwenye pampu. Ni kumi na tano na nusu, Mama. Gari ni lile lile.

Ndani ya gari sikuona la maana. Kiti cha dereva nakikuta kimelazwa nyuma kabisa, inabidi nikinyanyue ndipo nifikie usukani. Kiyoyozi kimewekwa namba nne. Chini ya kiti kulikuwa na soksi zake za kazini na vipande vya chapati. Kioo cha mbele kina chumvi kama cha gari la mtu anayekaa pwani.

Je, petroli ya Walu Bay ni mbaya kuliko ya huku?

Mereoni


Nausori, 28 Mei 2018

Mama,

Shikamoo. Ni wiki ya nne sijapata jibu. Naomba Mungu usiwe mgonjwa. Kama barua ilipotea nitaandika namba zote upya, daftari ninalo.

Avinesh anataka tuliuze gari. Nimekubali, maana nimechoka. Mnunuzi atakuja mwisho wa Juni.

Mereoni


Labasa, 4 Juni 2018

Mereoni, mwanangu,

Sikuwa mgonjwa. Barua yako haikupotea. Ilifika tarehe saba Mei, na kabla sijaikunja nilikuwa nimeshajua jibu. Nimekaa nalo wiki nne kwa sababu aliye ndani ya jibu hilo ni mwanangu.

Msiuze gari. Gari ni zima.

Kwa kilomita zako mia nne arobaini na moja, lita ishirini na nane zingetosha. Zimetumika arobaini na sita. Zimezidi kumi na nane, yaani karibu lita mbili kila siku ya kazi. Hazivuji. Hazikuibiwa, maana mwizi hachukui kipimo kilekile kila siku. Wala Avinesh hazunguki na gari, kilomita zinamtetea. Gari dogo likisimama na injini inaunguruma na kiyoyozi kimewashwa linakunywa kama lita moja kwa saa. Ukiongeza kiti kilicholazwa na chumvi ya kiooni, basi kila siku, kwa muda wa saa mbili hivi, mwanangu amelala kwenye gari karibu na bahari, madirisha yamefungwa.

Mtu mwenye ofisi hawezi kulala garini muda wote huo mchana. Zaidi ya hapo sijui. Sijamwuliza, na wewe usimwambie nimesema.

Hapana. Mwambie. Nimechoka na kutoambiana.

Mwaka elfu mbili na moja mkataba wetu wa shamba la miwa uliisha na wenye ardhi hawakuurefusha. Walikuwa watu wa kwenu, wenyeji; sisi Wahindi tulikodi tu. Ardhi yao, sikuwa na la kusema, ila niliyaweka moyoni na nikayaweka hesabuni mwako pia, wewe uliyekuwa mtoto wakati ule. Gereji ilikuwa ndogo, mikono yangu iliitosha. Mume wangu kila asubuhi aliendelea kuvaa viatu vya shamba na kutoka. Nilijua anakokwenda. Alikuwa anakaa darajani mpaka saa kumi. Nilimfungia chapati miezi minne, sikusema neno. Niliona ndiyo heshima. Siku nilipomwambia najua, alisema, "Ungesema mapema nisingekaa juani."

Moyo wake haukupona vizuri baada ya hapo. Sisemi ni kwa sababu yangu. Nasema nilikuwa na miezi minne na sikuitumia.

Mama


Nausori, 17 Juni 2018

Mama,

Shikamoo. Sijambo. Avinesh naye hajambo, kwa maana ya kwamba anakula.

Ijumaa niliomba ruhusa shuleni, nikapanda basi mpaka mjini, nikatembea kando ya ukuta wa bahari huko Nasese, ambako magari huegeshwa karibu na maji. Sikutembea sana. Gari lilikuwa chini ya mti, injini inaunguruma, maji ya kiyoyozi yanatona chini. Avinesh alikuwa amelala, tai shingoni, miguu mitupu juu ya dashibodi. Mkebe wa chakula nilioufunga asubuhi ulikuwa juu ya tumbo lake, bado umefungwa.

Niligonga kioo. Aliniangalia muda mrefu kama anasoma maandishi madogo. Nikaingia upande wa pili nikazima injini. Joto likaingia mara moja.

Akasema, "Umejuaje?"

Nikasema, "Mama yako. Kwa kugawanya."

Alicheka, Mama, kisha kicheko kikageuka kilio. Nilimwacha. Wapita njia walitazama, wakaendelea na mazoezi yao.

Kampuni ilifunga ofisi tarehe kumi na mbili Januari. Walipewa kiinua mgongo, na ndicho alichokuwa akikigawa na kuniletea kila mwisho wa mwezi kama mshahara. Asubuhi anazunguka na barua za maombi kwa miguu. Mchana hana pa kwenda. Nilimwuliza kwa nini asifungue tu madirisha. Akasema, "Yakiwa wazi watu wananisalimia. Wananiuliza kazi inaendaje." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema nyumbani kwetu, yaani kwetu mimi, wajomba zangu walisema siku ya harusi kwamba Mhindi atanilisha vizuri, na yeye alicheka pamoja nao, na tangu siku hiyo alijua hawezi kuanguka.

Nilikasirika. Nilimwambia miezi mitatu nimegusa rimu za moto kutafuta ugonjwa wa gari ambalo haliumwi. Akasema, "Breki ilikuwa mbovu kweli." Nikamwambia anyamaze. Tukala chakula cha kwenye mkebe, majimbi na samaki wa kopo, na milango yote minne tumeifungua. Mwalimu mwenzangu mstaafu alipita akatusalimia, akamwuliza kazi inaendaje. Avinesh akasema, "Sina kazi, Mwalimu." Yule akasema, "Ah, pole," akaendelea kutembea. Kumbe ilikuwa ni hayo tu.

Nilimwambia umeandika tusiuze gari. Anataka kuja kwako. Anaogopa kukutazama, lakini anataka. Atavuka na meli kuja kisiwani kwenu Alhamisi, na gari. Mimi siwezi, tuna mitihani.

Bado nina hasira naye. Nakuambia ili usije ukafikiri mimi ni mwema sana.

Mereoni


Labasa, 15 Julai 2018

Mereoni, mwanangu,

Mimi mzima. Majani ya mpera yanasaidia, mshukuru mama yako.

Alifika. Kutoka gatini Nabouwalu mpaka hapa alipata kumi na sita kwa lita, na milima yote ile. Alikuwa ameandika kwenye karatasi, akanipa kabla hajanisalimia. Siku mbili alishinda akifyeka majani uani. Siku ya tatu lori la miwa liliharibikia mbele ya nyumba, akafungua mlango wa gereji bila kuniomba ufunguo. Kumbe alijua siku zote ninapouficha.

Mikono yake ni laini, na spana anaishika kama kalamu. Lakini ana masikio. Mimi injini siisikii tena, naweka kiganja juu yake na kumwuliza, "Inagonga au inakwaruza?" Ananiambia, mimi namwambia cha kufungua. Msimu wa kusaga umeanza na malori yanaleta shida kila siku. Jana yalisubiri matatu. Anasema angependa kukaa mpaka Novemba, ila hataamua mpaka umekubali wewe. Nimemwambia hilo akuandikie mwenyewe, mimi si posta yake. Ukikataa nitamrudisha, na hasira yako ukae nayo kadiri unavyohitaji. Hata mimi ninayo.

Kuna jambo moja langu. Siku ya harusi yenu nilituma neno kwamba naumwa. Sikuumwa. Nilikuwa nimevaa, nimekaa kitandani, na basi la kwenda melini likapita.

Shule zitafungwa Agosti. Meli inatoka Natovi, upande wenu, asubuhi, na mimi nitakuwa Nabouwalu inapofika. Usibebe zawadi. Niandikie tu kama unakula pilipili nyingi. Avinesh anasema unakula, lakini siku hizi kila anachosema nakipima kwanza.

Mama