Lebo Niliyoiandika Mwenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa. Umri: miaka 25. Kazi: mpanga maandishi, duka la uchapaji. Makazi: kwa dada yangu mkubwa na shemeji.

Mnamo tarehe 9 Januari, saa tano asubuhi, mtuhumiwa, ambaye ni msusi wa saluni jirani, alikuja dukani kutaka lebo za virutubisho vya wanawake alivyokuwa akivifungasha mwenyewe. Nilimwuliza ndani kuna nini.

"Madini ya chuma, asidi ya foliki na majani. Kwani wewe mchapaji au daktari? Ila usiniandikie kama barua ya serikali, msomi. Mtu akisoma anyanyuke kitini!"

Niliandika: "Hurudisha damu, nguvu na matumaini ya mama." Matumaini hakuyataja yeye. Niliyaongeza mimi.

Dada ni mwalimu wa chekechea. Ameolewa miaka sita, hajajaliwa mtoto. Alikuwa akichoka hadi anafundisha ameketi. Tarehe 20 Januari, jioni, aliweka mezani vidonge vya chuma vya zahanati na kopo alilonunua kwa msusi.

"Hivi vya zahanati vinanichafua tumbo. Wewe uliyesoma, mdogo wangu, nimeze vipi kati ya hivi?"

Nilisoma lebo kana kwamba imeandikwa na mtu anayejua. Nikamsogezea kopo.

Februari hakuona siku zake. Nilimwambia apime mimba. Alisema, "Niache kwanza, nikae nayo." Shemeji akaanza kumbebea ndoo. Sikumhimiza tena. Nami nilitaka iwe kweli.

Tarehe 17 Machi, saa tatu asubuhi, alizimia darasani. Hospitali walisema hana mimba, na damu yake iko chini mno. Maabara ilikuta vidonge vya kopo havina chuma, vina homoni zilizozuia siku zake.

Msusi anasema maneno ya lebo ni yangu. Ni kweli. Vidonge ni vyake.

Kopo nimelileta hapa kituoni leo. Dada alinikabidhi mwenyewe, ila hakuliachia upesi. Alisema, "Ukiwapa, basi tena."

Niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatenda ni hayo.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari mwandishi: Shahidi amesoma maelezo yake, hakubadilisha kitu. Kabla ya kutia sahihi aliomba iongezwe kwamba katika wiki zile tano za kudhani ana mimba, dada yake alikuwa akiimba jikoni. Nilimweleza kuwa hilo halihusu kesi. Akaomba tena. Nimeliongeza.