Niliwanyima Wanawake wa Hamamu Mgongo Wangu

Kwako bibi mheshimiwa, Lalla Zhor, mshauri wetu wa redio, nakuomba unisikilize kwa subira maana sina mwingine wa kumweleza, mimi ni mshonaji wa hapa Sefrou, nina mume mpole, na mama yangu alipofariki mwaka juzi usingizi ulinikimbia na kifua kikawa kinanibana hadi nikadhani namfuata, ndipo jirani akanipeleka mji mpya kwenye darasa la kuvuta pumzi na kunyoosha viungo, na Lalla, sitasema uongo, lilinisaidia, nikaanza kulala, nikaanza kula, nikaacha kugombana na mume wangu kwa sababu ya chumvi.

Mwalimu wetu hutuambia tulinde utulivu wetu, tuwaepuke watu wanaotuchosha, nami neno hilo nikalishika kama dawa. Sasa hamamu ya mtaa, bafu letu la wote, unaijua, Lalla, mvuke, ndoo zinagongana, watoto wanalia, kila mwanamke ana habari ya mwenzake, na kila nilipoingia walinishika mikono wakamlilia mama yangu upya, kwa hiyo nikanunua brashi ya mpini mrefu ili nikae pembeni nijisugue mwenyewe. Siku hiyo bibi yetu Lalla Batoul, rafiki wa mama, aliyenisugua mgongo tangu sijang'oa meno ya utoto, akaja na kitambaa chake cha kusugulia akaniambia, “Geuka, binti yangu, nikusugue mgongo.” Nikamjibu, “Usijisumbue, Lalla, nina brashi.” Kisha Hnia, yule muuza mnanaa ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, “Haya jamani, mpisheni bibi harusi! Siku hizi mgongo wake una mlinzi!” Wakacheka wote, ila Lalla Batoul hakucheka, alisuuza kitambaa chake akaenda kukaa na wengine, nami tangu hapo naoga nyumbani.

Sasa mwenye hamamu anataka kuufunga ukumbi wa wanawake augeuze mahali pa watalii wanaolipia kupakwa udongo na mafuta, na wanawake wa mtaa kila asubuhi wanakaa kwenye ngazi za baraza la mji kudai usifungwe, maana wengi wao hawana maji ya moto majumbani, na humo ndimo walimochangia sanda ya mama yangu, ndimo walimokubaliana kumwendea mkuu wa shule mpaka mabinti wakajengewa choo chao. Juzi nilipita hapo nikitoka darasani, mkeka kwapani, nikamwona Hnia amekauka sauti, wawili wanagombana nani azungumze kwanza, na Lalla Batoul anahema, mkono kifuani, na mimi najua kabisa ni namna gani ya kupumua ingemtuliza, naijua, Lalla, nilifundishwa, lakini miguu ikapita tu.

Nilipofika nyumbani nikakaa kwenye mkeka, nikavuta pumzi, kifua kikabana kama zamani. Nayatamani makelele yale. Natamani harufu ya sabuni nyeusi na machungwa tuliyokuwa tukimenya tukisubiri nywele zikauke, natamani kuitwa binti na mtu aliyemjua mama yangu. Je, nirudi, na nitaanzaje ikiwa mimi ndiye niliyeukataa mkono? Au nikae na utulivu wangu?

Mimi niliyejitenga, Sefrou

*

Binti yangu uliyejitenga,

Nilipokusoma mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilitamani nikufinye sikio. Pole kwa mama yako. Kifo cha mama hakina fundi, na kama pumzi zilikurudishia usingizi, usiziache, na yeyote atakayekucheka kwa ajili ya mkeka wako mwambie aje abishane na mimi.

Lakini utulivu gani huo unaolindwa kwa kumpita bibi mgonjwa kwenye ngazi? Umeambiwa uwaepuke watu wanaokuchosha. Binti yangu, watu wote wanachosha! Mimi mwenyewe barua ndefu kama hii yako zinanichosha, na nazisoma. Na angalia: kwenye barua yako yote huyo mwalimu wako hukumtaja jina, ila Hnia na Lalla Batoul umewataja na umenisikilizisha sauti zao. Moyo wako umeshajibu, wewe ndiye unayejifanya husikii.

Tena unasema walikuwa wanamlilia mama yako. Hawakuwa wanakuchokoza. Na wao walifiwa, na wewe ukawafungia mlango wa matanga.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi usiende darasani. Beba mkeka wako na birika la chai, nenda kwenye ngazi. Mtandikie Lalla Batoul mkeka akae, kwa maana mawe yale ni baridi. Usianze na hotuba ya kuomba radhi mbele ya watu, utamwaibisha. Mwinamie umwambie sikioni, “Nimekosa, mama.” Halafu mwonyeshe namna ya kushusha pumzi, polepole, na Hnia akikudhihaki, naye mfundishe. Wanawake hao wana haki yao, ila wanaishiwa sauti na subira kabla wakubwa hawajafika ofisini, na ulichojifunza mji mpya ndicho wanachokikosa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Huenda ukumbi ukaokoka, huenda usiokoke, hilo siwezi kukuahidi. Ila ukifungwa wewe hujakaa nao, utautamani mpaka uzeeni na hutapata wa kumwambia.

Halafu Alhamisi, maadamu bado iko wazi, nenda hamamu mikono mitupu, brashi uiache nyumbani. Ukiingia, mtafute Lalla Batoul, umsugue wewe kwanza, taratibu, umri ule ngozi ni nyepesi. Ukimaliza atakuambia ugeuke. Geuka. Na machozi yakija yaache yatoke, mlilieni mama yako pamoja, humo ndani kila uso una maji.