Bupe, Safari Hii Tumemweleza Daktari

Umetimia mwaka mmoja, binti yetu Bupe, tangu homa ya siku ishirini na sita ilipokuondoa nyumbani kwetu Goba, ukiwa na miaka minne na miezi miwili.

Ulikuwa na huruma isiyochagua. Kila asubuhi ulimpelekea ng'ombe wetu, Kidoti, maganda ya ndizi, ukasimama kando ya banda mpaka amalize, kisha ukatoa taarifa: "Mama, ameshiba. Sasa mie." Ndipo ulipokubali kunywa maziwa yako, mabichi, kama sisi wazazi wako tulivyolelewa Tukuyu, tukiamini kwamba kuyachemsha ni kuyaharibu.

Ulipougua ulipimwa malaria mara tatu; haikuonekana. Ukatibiwa taifodi, homa ikarudi. Daktari akauliza, "Nyumbani mnafuga mnyama yeyote?"

"Hapana, daktari," nikajibu mimi baba yako. Bwana afya wa kata alikuwa ameshatuamuru tumwondoe ng'ombe kwenye makazi, nami nilihofu jibu langu lingemfikia.

Ulikuwa umekaa mapajani mwangu. Ukasema, "Baba, na Kidoti je?"

Nikamwambia daktari kwamba Kidoti ni mwanasesere wako.

Majibu ya damu iliyooteshwa maabara kutafuta vijidudu yalitoka siku nne baada ya mazishi: brusela, ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba, umfikiao mtu kwa maziwa mabichi, ulikuwa umeshaufikia moyo wako. Dawa zake zipo. Waombolezaji walisema ni mapenzi ya Mungu. Ushahidi wa hilo hatujauona. Tulio nao ni wa jibu langu.

Leo mdogo wako Lusungu ana homa siku ya tisa, na malaria haikuonekana. Kidoti tulishamwondoa, lakini Lusungu naye aliyanywa maziwa yale, na daktari anasema ugonjwa huu huweza kujificha kwa miezi. Mlangoni mwa chumba cha daktari mama yako alinishika mkono.

"Baba Bupe, usiposema wewe, nasema mie."

Nilisema kabla ya kuulizwa, kabla ya kuketi. Damu imepelekwa maabara, na majibu yatachukua siku kadhaa. Kila saa tunamgusa shingo, na kila saa tunaogopa kumgusa.

Unakumbukwa na baba yako Alfonsi, mama yako Rosalia, bibi yako Tusekile wa Tukuyu, na mdogo wako Lusungu, ambaye joto lake halijashuka.

Wewe, Bupe, tutakukumbuka daima. Yeye tunataka tuwe naye.