Zoezi la Watu Wawili

Jumapili asubuhi

Mke wangu,

Usishangae mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Paa la jikoni nimeliziba. Jirani mwenye redio amehama, na sasa nyumba imekuwa kimya mno.

Mshipa wa fahamu uliokatwa na kioo kule karakana umeunga. Vidole vinaamka, ila vinachanganya habari: nikiguswa gumba, nahisi kidole cha kati. Mtaalamu wa mazoezi anataka nifumbe macho, mtu aniguse kwa pamba, nitaje kidole, kisha nitazame. Bila hivyo sitashika kioo tena.

“Nyumbani nani anakugusa?” aliniuliza juzi.

“Mke wangu.”

“Mwambie shemeji asikuonee huruma. Kuna wake wanaowanong’onezea waume zao majibu!”

Nikacheka naye. Kumbe najigusa mwenyewe, na hata nikifumba macho, mkono wa kushoto unajua ulipogusa. Jana nilipata vyote, nikaona aibu.

Ule ugomvi wetu siutaji tena. Pamba iko juu ya kabati. Ukija, nitafumba macho, nawe uanze na kidole chochote.

Ni mimi mumeo, fundi vioo.